Duru ya Kuaga

Mzee Shabbar alikutwa saa saba mchana amelala chali kando ya kiti chake, kisogo kimepasukia kwenye kona ya sanduku la mvule. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Mezani kompyuta ilikuwa ingali inawaka, na karata za poka zikionekana kiooni kama zilivyoachwa.

Aliyemkuta ni mpishi wake, Zubeiri, alipomletea chakula. Inspekta Mwanamkasi alipofika nyumbani hapo Raskazone, sinia la pilau bado lilikuwa mlangoni na nzi washaanza kazi yao.

"Ulirudi kutoka sokoni saa ngapi?"

"Saa tano, afande."

"Ukaingia humu?"

"Mlango ulikuwa umefungwa. Nikasikia vibonye, ta, ta, ta. Akicheza huwa hataki kusumbuliwa, nikaenda zangu jikoni."

"Nani aliingia baada yako?"

"Sikumwona mtu."

Masikini Zubeiri, kwa kusema kweli alijitia kitanzi mwenyewe. Kompyuta ilionyesha kuwa mzee alicheza hadi saa sita na dakika kumi. Daktari aliyechunguza maiti alisema kifo kilitokea baina ya saa nne na saa saba, zaidi ya hapo asiulizwe. Basi kama saa sita mzee alikuwa hai, na nyumbani hakuna mtu ila mpishi, Mkuu wa Upelelezi hakuona cha kupeleleza tena. Zubeiri akatiwa mahabusu. Kesho asubuhi angepandishwa kortini kwa mauaji, na mauaji adhabu yake ni kunyongwa.

Mwanamkasi hakuridhika. Alikuwa mjane wa miaka minne, nyumbani hana wa kumngoja, kwa hiyo haraka ya kurudi hakuwa nayo. Akaenda Usagara kwa Nadir, kijana mwenye duka la intaneti, ambaye ndiye aliyemfungia mzee mtandao mwaka ule wa 1998, mambo hayo yalipokuwa mageni Tanga nzima.

"Alikuwa akicheza na nani?"

"Watu wa Maskati, Mombasa, Toronto. Hawajui sura yake, wala yeye hajui zao. Kule si kama mezani, afande. Mezani unamkodolea mtu macho, unamwona anavyotoka jasho. Mtandaoni uso haupo. Unachoweza kumsoma mwenzio ni mwendo wake tu, anachukua muda gani kuamua. Mzee Shabbar alikuwa umeme. Meza tatu kwa mpigo, akichoka anazima. Miaka miwili hajawahi kumuaga mtu."

Nadir alikuwa amechapa kutoka kompyuta ya mzee maandishi yote ya mchezo wa asubuhi ile. Mwanamkasi akayasoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Kuanzia saa tano kasorobo mchezaji alishika meza moja tu, tena polepole, hata karata za kutupa alizifikiria. Wenzake walinung'unika. Mmoja aliandika, "Shabbar, umelala?" Mwishoni, akiwa ameshinda, akaandika: "Mshindi hainuki hivi hivi. Nawapa duru ya kuaga."

"Duru ya kuaga ndiyo nini?"

Nadir akakuna kichwa. "Hiyo siijui. Mtandaoni haipo."

"Basi aliyekaa pale si Shabbar. Ni mtu aliyezoea meza ya watu."

Alirudi kituoni, akamwita Zubeiri kwenye nondo za mahabusu.

"Bosi wako aliwahi kucheza karata na watu ana kwa ana?"

"Zamani, klabuni. Na Mzee Badr. Miaka miwili sasa haendi. Mzee Badr hupita akabisha hodi, anaambiwa mzee hana nafasi." Akasogea karibu. "Afande, wanangu wameambiwa niko wapi?"

Mwanamkasi alichukua mkoba wake akatoka.

Klabu ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha marefu na rangi iliyobanduka. Mzee Badr, Mmanga wa Pangani mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri, alikuwa amekaa peke yake kwenye meza ya viti vinne. Karata zilikuwa tayari, na mbele ya kila kiti kisichokuwa na mtu kulikuwa na fungu la vifungo vya shati. Hawakuchezea fedha, ni haramu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu, starehe. Unacheza?"

"Nifundishe."

Hakumuuliza hata ametoka wapi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mgeni, ikamtia Mwanamkasi huruma asiyoitaka. Huku akigawa karata alisimulia mashindano ya zamani, meza kumi na mbili, watu wakitoka Mombasa wakapitia Horohoro kuja kucheza. Kisha nyumba zikataifishwa, wengine wakahama. Ukaja uhaba wa sabuni na sukari, wakahama waliobaki.

"Sasa maduka yamejaa vitu," alisema. "Watu ndio waliokosekana."

Kwa bahati tu, Mwanamkasi akashinda. Akasimama kama anayeondoka.

"Kaa, binti yangu. Mshindi hainuki hivi hivi. Sharti uwape wenzako duru ya kuaga. Ndiyo ada ya meza yetu."

Mwanamkasi akaweka kitambulisho chake mezani, na karatasi ya Nadir kando yake. Badr alisoma. Vifungo vikamtoka mkononi, vingine vikabingirika hadi sakafuni.

"Alama za vidole zilizo kwenye vibonye zimepelekwa Dar," Mwanamkasi alisema. "Majibu ni wiki tatu. Zubeiri anapandishwa kortini kesho."

"Zubeiri? Amefanya nini?"

"Ndiye aliyekuwamo nyumbani."

"La. Zubeiri hamo kabisa. Mwacheni aende kwa wanawe."

"Nani basi?"

"Mimi." Alisema bila kuinua macho. "Mashindano ni Jumapili. Tumebaki wawili, nikenda kumwomba aje, wawili nao ni meza. Akanijibu huku anacheza. Urafiki wa miaka thelathini na minane, Inspekta, hakunigeuzia hata shingo. Nikamvuta bega anitazame. Akasimama, akanisukuma, nikamsukuma. Sikukusudia kumwua."

"Mbona hukuita mtu?"

"Alikuwa keshakufa. Nikamfumba macho."

"Kisha ukacheza, ili aonekane yu hai."

"Wallahi hilo halikunijia. Siku moja aliwahi kunionyesha namna ya kubonyeza. Nilitaka kuona humo mna nini kilichonishinda mimi."

"Ukaona nini?"

Badr alipoanza kusema machozi yalikuwa yamefika ndevuni.

"Watu wema. Mmoja wa Maskati aliniuliza nimeamkaje. Mwingine akasema leo nimekuwa mstaarabu. Nilipoaga wote waliandika, rudi kesho. Najua walimtaka Shabbar, si mimi. Lakini tangu mke wangu afe, hakuna aliyeniambia nirudi kesho. Nikakaa pale, mwenzangu yuko miguuni pangu, nikaona raha."

Mwanamkasi akazitoa pingu, akazishika muda kidogo, akazirudisha mkobani. Akamshika mzee mkono, wakatoka pamoja kwenda kumfungulia Zubeiri.