Kila Alfajiri kwa Muuza Tofu

Habari hii alinipa Cuihe, mhudumu wa afya wa kijiji chetu hapa Guizhou, Uchina, akinipima presha uani kwangu vuli iliyopita. Mwenye siri alikwishamruhusu.

"Zile pipi za kualikia harusi yetu usizigawe." Ujumbe wa mchumba wake, Dekang, ulimkuta Cuihe mlangoni kwa Fu, kapera muuza tofu, ile jibini ya soya. Kuinua macho, Dekang huyo kasimama njiani, simu mkononi.

"Siku ya tano leo nakuona! Kila alfajiri kwa Fu. Unafuata nini?"

"Kazi."

"Kazi gani? Fu ana afya kama nyati!"

"Siwezi kukwambia, Dekang. Nimeapa."

"Basi kaolewe na kiapo chako!"

Cuihe akaukumbatia mkoba wake wa dawa, machozi yanamtoka. Neno moja tu lingemrudishia mchumba, ila neno lenyewe halikuwa lake.

Fu akatoa kichwa dirishani. "We kijana! Miaka ishirini natafuta mke nakosa, leo nipewe wako bure?"

"Nyamaza, Mjomba Fu!" Dekang alifoka.

Mlango ukafunguka. Akatoka mama yake Dekang, bilauri ya maji mkononi.

"Mama? Wewe huku?"

"Ananifuata mimi. Nina kifua kikuu, mwanangu. Miezi mitano sasa nameza vidonge mbele yake, maana nikiwa peke yangu huvitema. Nyumbani sikutaka. Kijiji kikijua, nani atachovya vijiti vyake vya kulia bakuli moja nasi siku ya karamu yako? Nikamwapisha binti wa watu."

Dekang akakaa chini, palepale kwenye mawe. "Utakufa?"

"Hafi," alisema Cuihe, akijifuta. "Makohozi yake safi tangu mwezi wa pili wa dawa, haambukizi mtu. Nanyi niliwapima, hamna kitu."

"Lini?"

"Siku ile niliyowatemesha makohozi kwenye vikopo, baba yako akanitukana."

Fu akacheka hadi akapaliwa. Dekang hakucheka. Alisimama, akainama mbele ya Cuihe kama mbele ya mkubwa wake.

"Nimekukosea. Nitukane, ila usiniache."

"Sikuachi. Lakini alfajiri ya kesho utamleta mwenyewe, na utatazama vidonge vikishuka kooni."

"Nitatazama hata meno."

Wakaenda nyumbani kwa kina Dekang, yeye, mama na Cuihe, wakamweleza baba mtu. Mzee akatua vijiti.

"Kumbe ndiyo maana nalishwa tofu kila siku! Mke wangu, ungeniambia, ningekushikia bilauri."

Mchana, baada ya kula, kila mtu alijinyoosha. Mzee akakoroma wa kwanza, Dekang akafuata. Mama akamshika Cuihe mkono, akasema, "Mwanangu," mara moja tu, akalala.