Mwana wa Nani

Tangu Bwanaheri wa zimamoto afie kwenye moto wa lori la mafuta pale Msata, wenzake walikuwa wakimjia Sihaba mmoja mmoja, kwa mlango wa uani, awachore jina la marehemu mkononi. Tatuu haramu, Dunda nzima inajua, na Sihaba mwenyewe alizoea kuwapamba maharusi kwa piko. Lakini mumewe, Muzammil, naye ni zimamoto. Angewakatalia vipi?

Magharibi hiyo alikuwa anasuuza bakuli za hina. Hodi hakuisikia. Alipogeuka, mwanamume ameshaketi kitini, kofia ya kazi imemfunika macho.

"Nichore," akanong'ona. "Bwanaheri, mwana wa Fatu."

Sihaba akashangaa. Wengine wote walitaka jina la baba. La mama huitwa kaburini, maiti anaposomewa talkini. Au huulizwa na mganga, anapotaka kumpata mtu barabara.

Akawasha mashine ya tatuu. Zzzz... Mkono ule ulikuwa wa baridi, umelowa. Sindano ikapita, ikarudi.

Damu haikutoka.

Harufu ya mpira ulioungua ikajaa uani. Sihaba aliogopa kuendelea, akaogopa zaidi kuacha.

"Bado mmoja," mgeni akasema. "Muzammil."

Mashine nusura imponyoke.

"Muzammil yuko zamu," Sihaba akajibu. "Mzima. Mchana kala hapa hapa."

"Mama yake nani?"

Mama mkwe wake anaitwa Tabia. Jina hilo likamfika kooni, akalimeza. Alijua akilitamka, mume hana. Sihaba hajawahi kukosa la kusema maishani mwake, na hata sasa ulimi haukumwangusha. Ukadaka jina la kwanza lililopita.

"Habiba."

"Habiba..." Mgeni alilirudia taratibu, kama anayeonja chumvi ya mchuzi. "Andika."

Akaandika. Mungu amsamehe, aliandika huku anashukuru.

Alipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu. Kimelowa chapachapa.

Asubuhi Muzammil akarudi, masizi mpaka kwenye kope. Sihaba alimrukia, akalia kwa furaha bila haya, majirani wasikie wakitaka. Mume hakucheka. Alijitoa mikononi mwake polepole, akaenda kuketi kwenye kiti kile kile.

"Ghala limeungua jana usiku," akasema. "Paa limemwangukia yule kijana mgeni, aliyeletwa kikosini kutoka Lugoba. Somo yangu."

"Somo yako?"

"Muzammil kama mimi. Hata mwezi hajamaliza." Akajifuta uso. "Zamu ilikuwa yangu kuingia mbele, Sihaba. Sijui kwa nini kanitangulia."

Kisha akakunja mkono wa shati.

"Nichore jina lake. Na la mama yake pia, maskini. Hakuwa na mtoto mwingine."

Sihaba akaiwasha mashine.

Hakumuuliza mama huyo anaitwa nani.