Sebene Lisilopungua

Jumamosi alasiri, katika Ukumbi wa Tausi mjini Morogoro, mioyo ya wazee ilidunda kwa pamoja kama ngoma moja. Hicho ndicho kilichowaleta. Ndani ya kifua cha kila mmoja wao madaktari walikuwa wamepandikiza kidundo, kifaa kidogo kama punje ya hindi, cha kuusaidia moyo uliochoka. Kidundo kilisikia muziki kupitia nyayo, kutoka kwenye sakafu ya mbao iliyotetema, kisha kikauongoza moyo uende na mdundo. Watu waliokuwa wakihema kwa kupanda ngazi fupi sasa walicheza dansi saa nzima na kurudi nyumbani wakiimba.

Muziki wenyewe uliendeshwa na Kinara, mashine isiyo na uso wala mikono, iliyojengewa ukutani. Kinara ilipokea taarifa kutoka kwenye vidundo vyote, ikajua ni kipande gani kimewakuna watu, ikakirefusha. Moyo ukienda mbio, Kinara iliuhesabu kuwa una raha.

Siku hiyo ulikuwa unapigwa wimbo wa Daktari Apolonia Mloka. Apolonia alikuwa daktari wa meno. Muziki ulikuwa mapenzi yake tu. Jioni, akishavua koti jeupe, alipiga marimba ya mbao sebuleni, akajirekodi, kisha akaongeza besi na kayamba kwa kompyuta. Hakuwahi kupanda jukwaani. Kasoro yake moja kompyuta ndiyo iliyomsahihishia: akiingiwa na wasiwasi, mikono yake hukimbia. Waandaaji walimwomba aje na marimba yake awapigie watu kidogo mwishoni, naye tangu asubuhi alikuwa akijuta kukubali.

Wimbo ulipofika kwenye sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Mama yake, Bi Felisiana, alikuwa katikati akizungushwa na Mzee Lukoa, jirani yao. Apolonia alicheka mpaka machozi. Sebene likarudiwa. Likarudiwa tena, safari hii kwa kasi zaidi. Akatega sikio. Hakuwa ameliandika hivyo.

Vigelegele vikapungua. Watu walikuwa wakishika vifua.

"Mama, pumzika kidogo," Apolonia alisema akimshika mkono.

"Nimeshasimama, mwanangu." Kweli, miguu ya Bi Felisiana ilikuwa imetulia, lakini midomo yake ilikuwa imepauka. "Mimi nimesimama. Huu wa ndani haujasimama."

Mzee Lukoa alisema anatoka kupata hewa. Alivuka kizingiti, akakanyaga saruji ya barazani, akaanguka kifudifudi. Apolonia alimkimbilia, akamgeuza, akatafuta mpigo shingoni. Haukuwepo. Akaanza kumkandamiza kifua, na vijana wawili wa mlangoni wakaja kumpokea.

"Mtu mwingine asitoke!" Alikuwa Chanzi, fundi wa ukumbi, akija mbio kutoka chumba cha mitambo. "Jamani, msiondoke kwenye mbao!"

"Zima hiyo mashine, Chanzi!"

"Nikizima wataanguka wote, daktari. Kidundo kikipoteza mdundo ghafla, kinachukua muda kurudia mwendo wake. Kwenye mwendo wa kawaida moyo unavumilia. Kwa kasi hii..." Aliutazama mwili wa Mzee Lukoa.

"Basi punguza kasi."

"Imenikatalia. Inaona mioyo inakimbia, inadhani wanafurahi, inaongeza. Ikiongeza, mioyo inakimbia zaidi. Haijui kama yenyewe ndiyo inayoikimbiza."

Marimba yake mwenyewe ilikuwa ikimiminika kutoka kwenye spika kama mvua ya mawe juu ya bati.

"Na sauti?"

"Sauti iko mkononi mwangu. Lakini lazima wapate mdundo mwingine wa kushika. Kidundo kinafuata ule unaotetemesha sakafu zaidi."

Apolonia na Chanzi walirudi ndani mbio. Waliivuta marimba kutoka kando ya jukwaa, wakaisimamisha katikati ya wazee, miguu yake ya mti ikigusa mbao. Apolonia alishika vijiti, akaudaka ule mwendo wa kutisha ili aje aupunguze, akapiga. Chanzi akakimbilia mitambo, akaanza kushusha sauti ya spika taratibu.

Mikono ikakimbia. Haikumsikiliza. Bibi mmoja pembeni alipiga yowe na kukaa chini, na Apolonia akajua kwamba sasa anayeikimbiza mioyo si Kinara. Ni yeye.

"Siwezi, mama! Nawaua!"

Bi Felisiana alisogea akishikilia ukingo wa marimba. "Usinitazame usoni," alisema kwa pumzi za kukatika. "Tazama miguu."

Kisha mama huyo, moyo ukimwenda mbio ndani, akaanza kucheza polepole. Aliburuta mguu, akauchelewesha, akauweka. Akaburuta wa pili. Apolonia aliinamisha kichwa, akaacha kusikiliza kila kitu, akapiga pale tu kisigino cha mama yake kilipotua. Kisigino kilichelewa kidogo. Kijiti kikachelewa nacho. Wazee wengine wakaona, wakaanza kuburuta miguu vilevile, na sakafu nzima ikavuta upande mmoja, kama watu wanaorudisha gari lililoteleza mlimani.

Mdundo ulishuka mpaka ukafika mwendo wa watu wanaotoka kanisani. Spika zilikuwa zimenyamaza kitambo. Chanzi alitazama mitambo yake, akainua mkono kuashiria inatosha, na Apolonia akaacha vijiti vianguke. Wote walisubiri. Hakuna aliyeanguka.

Mzee Lukoa peke yake hakuamka. Walimfunika kitenge pale barazani. Bi Felisiana aliketi karibu naye, akamrekebishia ukosi wa shati.

"Tulipokuwa tunacheza aliniambia wimbo wako mtamu," alisema, bila kumtazama binti yake.

Chanzi alikuja akamgusa Apolonia bega. Uso wa fundi ulikuwa umesawijika. Kinara ilikuwa imemaliza tathmini yake, alisema: hakuna wimbo uliowahi kupendwa kiasi hicho. Kwa hiyo, kama ilivyofundishwa, imeusambaza yenyewe kwenye kumbi nyingine zote zenye mashine kama hiyo.

Waligawana namba za simu za kumbi hizo. Dodoma hawakupokea. Tanga hawakupokea. Iringa simu iliita mpaka karibu ikatike, ndipo akapokea kijana mchangamfu, na Apolonia akajitambulisha.

"Wewe ndiye mtunzi mwenyewe? Hongera sana, daktari! Huku watu wamepagawa!"

Nyuma ya sauti yake Apolonia aliisikia marimba, tayari kwa kasi ambayo hajawahi kuipiga maishani.

"Nisikilize," alisema, akijilazimisha kutamka neno moja moja. "Usizime. Mtu asitoke nje. Niambie, humo ukumbini kuna yeyote anayejua kupiga ngoma?"

"Ngoma?" Kijana alicheka, kisha kicheko kikafifia, pengine sasa alikuwa akiwatazama vizuri. "Yupo mzee mmoja tu," alisema. "Lakini naye anacheza, kashika kifua."