Ufa katika Chumba cha Leonia

Kila asubuhi Eufrasia alifagia chumba ambacho hakuna mtu aliyelala. Alikung'uta kitanda, akanyoosha shuka, akafungua dirisha. Kilikuwa chumba cha binti yake, Leonia, aliyeolewa Burundi. Vita vilipoanza huko mwaka 1993, habari zake zilikatika. Sasa ulikuwa mwaka 1996. Malori ya wakimbizi yalipopita Mwandiga, kijijini kwao, Eufrasia aliacha kila kitu akakimbilia barabarani. Alitazama nyuso zote. Kisha alirudi nyumbani.

Kiangazi cha mwaka huo aliona ufa kwenye kona ya chumba hicho, upande wa nyuma. Alikanda udongo, akausiriba. Haukupita muda ufa ukarudi, mpana zaidi. Akausiriba tena.

"Ukuta huu unakula udongo kuliko sisi tunavyokula ugali," alisema mumewe, Gervasi.

Siku moja jirani yao, Shadia, alikuja kurudisha kinu, akamkuta Eufrasia katika chumba hicho. Shadia alikulia mjini, Rusimbi. Baba yake alikuwa fundi mwashi, naye Shadia alimbebea mawe tangu utotoni. Mtu wa namna hiyo akiingia kwako hatazami viti. Anatazama kuta.

"Mwakeye, Mama Leonia," Shadia alisalimu. "Huu ufa umeanza lini?"

"Ah, ni udongo tu umekauka. Nitausiriba kesho."

"Hapana. Ufa wa udongo kukauka ni mwembamba kama unywele. Huu kidole kinaingia. Tena tazama: juu mpana, chini mwembamba. Kona inazama. Ugonjwa uko kwenye msingi, na wewe unapaka dawa usoni."

Walizunguka nyuma ya nyumba, Gervasi akawafuata. Shadia aligusa ukuta chini. Ulikuwa na unyevu, na nje ni vumbi tupu! Karibu na hapo palikuwa na bafu la matete. Maji ya kuoga yalitiririka hadi kwenye mgomba mnene uliosimama ukutani kabisa. Wengi huku kwetu tunafanya hivyo. Tunaona uchungu maji kupotea bure, basi tunaunywesha mgomba.

"Mgomba unakunywa kidogo," alisema Shadia. "Mengine yote yanaingia chini ya nyumba. Udongo unalainika, mawe ya msingi yanakaa juu ya tope. Mvua zikianza, kona hii italala chini. Mgomba utoke, na bafu lihame."

"Bafu sawa. Mgomba usiuguse!"

Shadia alishtuka. Eufrasia hakuwa mtu wa kupiga kelele.

"Aliupanda Leonia, wiki aliyoolewa. Akaniambia, 'Mama, uumwagilie, nikija nile ndizi zake.' Nikiung'oa, nitakuwa nimesema harudi."

Alikaa chini palepale, akalia. Alikuwa na hamu kubwa na mwanawe. Gervasi alitazama pembeni. Naye alikuwa na hamu naye, ila hakujua kulisema.

Shadia alimwacha alie kwanza. Kisha akauliza kwa upole, "Mama Leonia, akija mvua inanyesha, utamlaza wapi? Chini ya ukuta huu?"

Eufrasia alifuta macho kwa kitenge, akaingia ndani, akatoka na jembe.

Kwanza walitoa kitanda na kufunga chumba, asilale wala kucheza mtu humo. Bafu wakalihamishia mteremkoni, mbali na nyumba. Eufrasia alichimba machipukizi ya mgomba kwa mikono yake, akayapanda huko chini, maji yanakoishia. Shina la zamani waling'oa. Shimo lake walilijaza udongo mkavu kidogo kidogo, huku wakiushindilia.

Gervasi alitaka kufukua msingi wa kona yote siku hiyohiyo, amalize.

"Baba Leonia, unataka nyumba ikuangukie?" Shadia alimkemea. "Msingi haufukuliwi wote pamoja. Subiri fundi."

Alimleta kaka yake, aliyerithi kazi ya baba yao. Fundi aliegemeza paa kwa nguzo. Alifukua kipande kifupi tu, akapanga mawe kwa saruji, akaacha yakauke na kushika. Ndipo akahamia kipande kingine. Alipomaliza, aliinua udongo kandokando ya ukuta ili maji yateremke kwenda nje. Upande wa juu alichimba mfereji wa kukinga maji ya mlimani.

"Sasa nisiribe?" Eufrasia aliuliza.

"Bado," alisema Shadia. Alipaka saruji kidogo kukatiza ufa. "Ikipasuka, ukuta bado unatembea. Ikibaki nzima, jaza ufa wako."

Walingoja. Saruji haikupasuka. Eufrasia alijaza ufa, akarudisha kitanda, akatandika.

Mvua zilikuja kwa hasira mwaka huo. Maji ya mlimani yalifuata mfereji, yakapita zake. Eufrasia aligusa ukuta kila siku. Ulikuwa mkavu. Alifurahi, na furaha hiyo ilimwuma, maana chumba kilikuwa tayari na mwenyewe hayupo.

Mchana mmoja wa mvua, mtu alibisha hodi. Eufrasia alikimbia, nusura ajikwae. Mlangoni alisimama mwanamke kijana, ameloa, mtoto mgongoni.

"Amahoro, mama," alisalimu kwa lugha ya Burundi. "Tunaomba kujikinga mvua."

Hakuwa Leonia. Eufrasia alishika mwimo wa mlango, akameza machozi. Alitazama miguu ya yule mama, imevimba kwa safari. Aliwaza, huenda na Leonia amesimama leo mlangoni kwa mtu.

"Ingia, mwanangu."

Alimpeleka chumbani, akamvua mtoto nguo mbichi, akamfunika shuka. Mwanamke alitazama kitanda kilichotandikwa vizuri, akaogopa kukaa.

"Hiki ni chumba cha nani, mama?"

"Cha binti yangu," alisema Eufrasia. "Lala. Akija, mtabanana."