Besi Iliyogoma Kuzimika

Msije mkaniletea habari za kusimuliwa. Hili nililiona kwa macho yangu mawili, na ningekuwa na la tatu nalo lingeona. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi la kahawia, sebuleni kwa fundi redio tuliyembandika jina la Fundi Waya. Asiyeamini akaliulize kochi.

Fundi Waya alikuwa na amplifaya ya kizamani, ile yenye taa za kioo zinazowaka wekundu kama makaa. Aliiunda upya kwa mkono wake. Jamani, besi yake! Ikikohoa tu, meno ya bandia ya jirani yanacheza ngoma ndani ya glasi. Kuku wa mtaa wa tatu walitaga mayai yaliyokwisha kukorogwa.

Jioni hiyo, jua linazama, alirudi na sponji begani. Hakuitaka tena besi ile. Wiki tatu tangu amzike mama yake, ilimkaa kifuani kama jiwe la kusagia.

Mama yake alikuwa amepooza, hasemi. Chumba chake na sebule ni ukuta mmoja. Nguvu ilibaki mkono mmoja, na mkononi fimbo. Walipatana: akigonga mara moja, ageuzwe. Mara tatu, kimya kidogo, halafu moja... anataka maji.

Siku aliyokufa, dada mtu alikuwa safarini, zamu ni ya Fundi Waya. Na siku hiyohiyo ndiyo aliyomaliza kuiunda amplifaya. Akaegemeza spika kubwa kwenye ukuta ule ule, akafungulia. Ikanguruma mchana kutwa. Mama akigonga, nani angesikia? Magharibi alimkuta wa baridi, fimbo imemdondoka, midomo imekauka hadi kupasuka.

Dada alipouliza, alijibu, "Nilitoka kidogo tu, dada. Nikarudi nikakuta ameshakwenda."

Uongo huo ulimtafuna kama mchwa. Na jioni hii dada yuko njiani, anakuja kuchukua vitu vya mama.

Basi akaikabili besi. Akaivuta spika mbali na ukuta, maana ukuta huivimbisha besi. Akaziba tundu la nyuma ya spika kwa sponji. Haikutosha, akaongeza soksi, hata aliyoivaa. Akabadilisha kapasita, akatia ndogo, inayozuia mlio mzito usipite. Akawasha. Sauti ya mwanamke na gitaa moja, nyembamba, safi kama maji ya mtungi.

Akashusha pumzi.

Halafu...

Du. Du. Du.

Kimya.

Du.

Akapunguza sauti. Du. Du. Du... Du. Akabana spika kwa mto. Harufu ikaanza kutoka kwenye zile taa za kioo. Si ya vumbi linaloungua. Ilikuwa ya dawa ya kuchua, ile aliyokuwa akimpaka mama miguuni.

Akachomoa plagi. Wimbo ukakatika.

Taa zikabaki nyekundu.

Du. Du. Du.

Mlango ukasukumwa. Dada mtu. "We, mbona giza humu? Umefungua ofisi ya wachawi?"

"Karibu, dada..."

"Ngoja." Akainua kidole. "Nani anagonga chumbani kwa Mama? Ufunguo ninao mimi."

"Ni besi tu, dada. Spika hii ina kiburi, ndiyo naitia adabu."

Dada akautazama mkono wake. "Na hiyo uliyoshika si plagi?"

Fundi Waya akaitazama plagi kama nyoka.

"Nilikuwepo," akanong'ona. "Siku ile sikutoka. Nilikuwa hapahapa najaribu mtambo. Sikumsikia, dada. Naapa sikumsikia."

DU. DU. DU.

Chokaa ikadondoka ukutani.

Dada hakupiga kelele. Heri angepiga. Alimimina maji kikombeni, akamkabidhi pamoja na ufunguo.

"Mpelekee."

Akaingia. Tukamsikia, "Mama... maji haya." Taa nyekundu zikafifia, moja baada ya nyingine. Alipotoka, kikombe kilikuwa kitupu.

"Umeyamwaga?" dada akauliza.

"Nimeyamwaga."

Dada akaingia, akapapasa sakafu kwa kiganja. Akapapasa godoro. Pakavu kama unga.

Mafundi wenzake wanasema amplifaya za namna ile hubaki na umeme tumboni hata ukizichomoa. Sawa, mimi shule niliiacha njiani, siwezi kubishana nao. Lakini umeme wenye kiu? Huo bado hawajanieleza.

Sasa, mnanijua, chumvi huwa natia. Wale kuku, chumvi. Lakini liko moja nililowatungia zima zima: kwamba siku ile mama alipogonga hakusikika.

Alisikika.

Mara tatu, halafu moja. Fundi Waya akainuka kwenye kiti. Na hapo kwenye kochi la kahawia palikuwa na mtu aliyemshika shati akamwambia, "Kaa bwana, wimbo haujaisha. Hebu ongeza besi."

Si niliwaambia tangu mwanzo nilikuwepo?