Nyumba Moja, Namba Mbili

"Kwani hewa inaweza kubeba uso wa mtu?"

Swali hilo aliliuliza Mama Nekoye, jirani wa mlango wa pili pale mtaa wa Bondeni, siku Baba alipoleta nyumbani rauta mpya, kisanduku cha kusambaza mtandao kisichohitaji waya kufika kwenye kompyuta. Watu walicheka. Chelagat, binti wa nyumba hiyo, hakucheka. Tangu siku hiyo, kila alipofagia ua na vumbi la Nakuru likaelea juani, alijiuliza nyuso hupitia wapi: juu ya mabati, au katikati ya nguo zilizoanikwa?

Rauta ya zamani ilikaa chumba cha mbele, mama yake alikochapia watu barua. Waya wake haukufika chumba cha nyuma, alikolala Gogo, nyanya yake kutoka Elburgon, mguu kwenye plasta. Jumapili saa kumi na moja, Micah, mwana wa Gogo aliyekuwa masomoni ng'ambo mwaka wa sita sasa, angeonekana kwenye kompyuta. Jumatatu Gogo angerudi kwake, na huko mtandao haukuwapo.

"Nikimwona tu," alisema Gogo, "nitajua kama anakula."

"Msiiguse hiyo rauta mpya mpaka Gautam aje," Baba alionya. Gautam alikuwa fundi wa kompyuta mjini.

Jumamosi Chelagat aliigusa. Rafiki yake Nekoye alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Wee, si mliambiwa?"

"Tulia! Hii ni kazi ya dakika mbili."

Akaziunganisha rauta mbili kwa waya, akafungua ukurasa wa ile mpya kwenye kompyuta. Akaona kila rauta ina namba yake. Akatabasamu. Sanduku lao la posta lilikuwa moja tu: barua za Baba, za Mama, hata za Gogo zilipitia humo. Nyumba moja, namba moja! Akaipa rauta mpya namba ya ile ya zamani. Taa zikawaka kijani, zikapepesa kama macho ya mtu anayesinzia, kisha mtandao ukapotea nyumba nzima.

Baba alipouliza, ulimi wa Chelagat ulitangulia moyo. "Nekoye alikuwa akivutavuta waya."

"Basi asikanyage hapa tena," Baba akasema.

Jumapili baada ya kanisa Gautam alifika. Kwa kuwa aliambiwa ni waya, alishughulika na waya: akakata, akaunga, akabadilisha ncha. Wapi! Saa kumi na nusu ikagonga. Gogo alikuwa tayari ameketi, kitambaa cha kanisani kichwani, ameikodolea macho kompyuta iliyo kimya. Akaomba kwa sauti, "Ee Mungu, ibariki mikono ya huyu fundi. Na umsamehe mtoto Nekoye."

Chelagat akainuka kabla ya amina.

"Baba, si Nekoye," akasema huku akilia. "Ni mimi." Akaeleza yote, hadi sanduku la posta.

Gautam akaweka koleo chini, akacheka. "Ai, msichana! Mimi nakata waya mzima tangu saa nane! Mafahali wawili hawakai zizi moja. Rauta zote mbili zinajibu namba moja, na zote zinagawia kompyuta namba. Kompyuta itamsikiza nani?"

Akaipa ile mpya namba yake yenyewe, akaizuia kugawa namba. "Mkubwa agawe, mdogo apeleke tu. Basi."

Saa kumi na moja na dakika tano, uso wa Micah ulichomoza polepole, kama jua kwenye ukungu wa msitu wa Mau. Gogo akanyoosha kidole, akaugusa.

"Mama, mguu unaendeleaje?"

"Wacha mguu. Umekonda."

Walizungumza mpaka Micah alipoaga. Ndipo Gogo akamgeukia mjukuu wake.

"Umeona? Uongo umetuweka mchana kutwa tukitibu pasipo na kidonda. Waya uliokatwa, Gautam aliuunga. Lakini jina la mtu ukilikata, mwanangu, hakuna fundi wa kuitwa kutoka mjini. Wa kuliunga ni yule aliyelikata."

Baba aliinamisha kichwa. Naye alikuwa amemfukuza mtoto wa watu bila kumsikiza.

Chelagat akajifuta machozi, akavaa champali zake, akatoka, akaelekea mlango wa pili, kwa kina Nekoye.