Kikombe Kinachomfaa Kila Mama

Asubuhi katika nyumba ya akina Lorine, pale mtaa wa Kaloleni mjini Kisumu, zilifanana. Lorine alichemsha chai, akapiga pasi sare yake ya shule, kisha akamsomea mama yake ujumbe ulioingia kwenye simu. Mama yake, Beldina, aliacha shule akiwa darasa la sita huko Usenge akaenda kuanika omena, wale dagaa wa ziwani. Kiswahili alikisoma polepole, neno kwa neno. Kiingereza kilimpiga chenga kabisa. Kwa hiyo Lorine, msichana wa miaka kumi na miwili aliyeongoza darasa lake katika Kiingereza, ndiye aliyesoma kila kitu pale nyumbani, na alijivunia kazi hiyo kupita kiasi. Hata tangazo la kukatwa kwa maji alilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

Mwaka huo nyumba ilikuwa na mgeni mdogo. Aliitwa Ooko, yaani wa nje, kwa sababu alizaliwa kwenye baraza la zahanati kabla mlango haujafunguliwa. Alipotimiza miezi mitatu, likizo ya mama yake ikaisha. Beldina alifanya kazi katika kituo cha petroli kule Mamboleo, akiwajazia watu mafuta kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Baba alikuwa kwenye kazi ya ujenzi Eldoret na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Dada yake baba, Selpha, ambaye Lorine alimwita Waya kama Waluo wanavyomwita shangazi, akaja kukaa na mtoto. Selpha alikuwa na mikono mizuri na ulimi mbaya.

Muuguzi wa kliniki alikuwa amesema mtoto asipewe kitu kingine ila maziwa ya mama hadi miezi sita. Jumamosi moja, basi, Beldina na Lorine wakaenda mjini kutafuta mashine ya umeme ya kukamua maziwa.

Duka lilikuwa la Bi Zeituni, mama wa makamo aliyeuza vitu vya watoto. Hakuwa mtu wa kukusukumia mzigo tu. Alimwuliza Beldina anafanya kazi gani na anapewa muda gani wa kupumzika.

"Dakika ishirini," Beldina akajibu. "Nakaa stoo, kwenye madebe ya oili. Soketi hakuna."

"Basi achana na hii ya waya," Bi Zeituni alisema, akairudisha kwenye rafu. "Chukua ya kuchaji nyumbani. Tena iwe ya kukamua pande zote mbili pamoja, dakika ishirini si nyingi. Lakini hayo yote si kitu. Kitu ni hiki." Akainua kikombe cha plastiki chenye shingo kama ya faneli. "Hiki ndicho kinachokaa kwenye titi. Chuchu lazima iingie kwenye shingo hii ikae sawa. Kikiwa kikubwa kinakuumiza, kikiwa kidogo kinakuumiza, na maziwa hayatoki. Nina boksi mbili. Mashine ni ileile ila vikombe tofauti. Kwenye karatasi hii ya maelezo kuna rula ya kujipimia, na pazia lile pale nyuma. Mwanangu, wewe unajua Kiingereza? Msomee mama palipoandikwa vipimo, mimi namhudumia huyu mteja."

Mteja mwenyewe alikuwa mama aliyekuja kununua nepi. Nyuma yake alisimama mwanawe, na mwanawe alikuwa Robinson.

Robinson alikaa dawati moja na Lorine. Alikuwa na kipaji cha kuwaiga watu, na aliyeigwa na Robinson siku ya Jumatatu alichekwa hadi Ijumaa. Lorine alitazama karatasi aliyoishika. Ilikuwa na picha kubwa ya titi, mishale, na yale maneno ambayo angetakiwa kuyasoma kwa sauti mita mbili kutoka sikio la Robinson. Masikio yakamwaka moto.

"Wameandika nini?" mama yake akauliza.

"Wameandika..." Lorine akakunja karatasi. "Wameandika kikombe hiki kinamfaa kila mama."

"Kila mama? Hakuna kupima?"

"Hakuna. Kinamfaa kila mama. Twende."

Bi Zeituni aligeuka akauliza kama wamepima. Lorine akajibu haraka kwamba tayari, wameelewa, na akasukuma mbele boksi iliyokuwa karibu na mkono wake. Beldina alimwamini mtoto wake kuliko alivyoyaamini macho yake mwenyewe, akalipa. Na Robinson? Robinson alikuwa ametoa macho kwenye toroli ya watoto yenye honi, akiibonyeza. Hakugeuka hata mara moja.

Nyumbani Lorine alijifungia chooni akaisoma karatasi yote, ili ajue uongo wake ulikuwa na ukubwa gani. Ilisema vikombe vya boksi ile vilikuwa vya milimita ishirini na nane, na kwamba kila mama lazima ajipime kwanza. Tena kwa herufi nzito ilisema: ukisikia maumivu, acha, kipimo si chako. Alijua, basi. Kila lililotokea baada ya hapo lilitokea huku Lorine akijua, na mimi sitamfichia. Akairarua karatasi vipande vipande akaitupa shimoni.

Jumatatu Beldina akaanza. Jioni alirudi na chupa ambayo maziwa yake hayakufunika hata kitako chake, na akatembea akiivuta blauzi mbele isimguse kifua. Siku ya tatu chuchu zilipasuka. Siku ya tano maziwa yalitoka na rangi ya waridi, na Lorine aliposafisha vikombe aliona damu. Alfajiri, mama yake alikuwa akiketi kitandani na mashine ikinguruma, ameuma pembe ya kitenge ili asimwamshe mtoto kwa kilio. Lorine alisimama mlangoni akamtazama. Kisha akaenda kuchemsha chai.

"Mama, inauma?" aliwahi kuuliza.

"Inauma, nyathina," Beldina alimjibu. Nyathina ni mwanangu. "Lakini si wameandika kinamfaa kila mama? Basi shida si mashine. Shida ni mimi, niliumbwa vibaya."

Maneno yalimjaa Lorine hadi kooni. Angefungua kinywa tu, angeonekana mwongo, yeye msomaji wa nyumba. Akayameza na chai.

Kazini nako hakukuwa na huruma. Msimamizi wa kituo, Bwana Ondiek, alimruhusu kuweka chupa yake kwenye friji ya soda, kisha akajilipa ruhusa hiyo kwa utani. "Beldina siku hizi ana pampu tatu!" aliwaambia madereva. "Moja ya supa, moja ya dizeli, na ile ya stoo haitoi kitu!" Madereva walicheka hadi wakapiga usukani. Beldina aliwarudishia vifuniko vya tangi, akawaambia asanteni, karibuni tena.

Selpha alikuwa mbaya zaidi, maana yeye alikuwa ndani ya nyumba. "Nyar Usenge," alimwita, yaani binti wa Usenge, kama wanawake walioolewa wanavyoitwa kwa jina la kwao, ila kinywani mwake jina hilo lilikuwa tusi. "Ndugu yangu alioa kifua cha bati. Sisi kwetu wanawake wananyonyesha pacha. Wewe mmoja tu anakushinda?" Ooko alilia mchana kutwa kwa njaa, na kilio cha mtoto mwenye njaa hakizoeleki. Katika wiki ya tatu Selpha, bila kumwambia mtu, akaanza kumpa maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji ya bomba.

Ooko akaharisha siku mbili. Macho yakaingia ndani, na alipolia machozi hayakutoka. Asubuhi ya siku ya tatu Beldina aliomba ruhusa kazini, akamfunga mtoto mgongoni, na wote wanne wakaenda kliniki.

Muuguzi wa zamu aliitwa Sista Jacinta. Alimweka Ooko kwenye mizani mbele ya foleni nzima, akatazama kijitabu chake, akatazama mizani tena.

"Mama, huyu amepungua karibu kilo moja," alisema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Ana miezi minne na uzito wa miezi miwili. Unampa nini? Ama pesa ya chakula chake ndiyo unayokunywa pombe jioni?"

Wanawake kwenye benchi wakageuka. Mmoja akacheka puani.

"Amekauka huyo, sista," Selpha akadakia. "Hana maziwa. Mimi nilisema mapema, hakuna aliyenisikia. Ningemwacha mtoto afe njaa? Nimempa maziwa ya ng'ombe, nikayapunguza na maji ya bomba."

Beldina alisimama na nepi chafu mkononi, amekonda, kichwa chini. "Ni mimi, sista," alisema. "Mashine nilinunua. Mashine ni nzuri, wameandika inamfaa kila mama. Mimi ndiye sifai."

Lorine hakuweza kuvumilia tena.

"Hawakuandika hivyo!" alilia. "Nilidanganya! Waliandika apimwe. Waliandika akiumia aache. Robinson alikuwa dukani, nikaona aibu kusoma. Mama hana kosa, sista. Nilidanganya mimi!"

Beldina aligeuka taratibu. "Ulijua lini?"

"Siku ileile. Nilisoma chooni."

"Wiki tatu," Beldina alisema. "Na ulikuwa unaniona?"

Lorine alitamani kofi. Kofi lingekuwa rahisi. "Nilikuwa nakuona, Mama."

Beldina alimchukua Ooko kwenye mizani, akamgeuzia Lorine mgongo.

Sista Jacinta ndiye aliyezinduka wa kwanza. Aliwaingiza chumbani, akamchanganyia Ooko dawa ya kurudisha maji mwilini, akaanza kumnywesha kwa kijiko. Akamtupia Selpha jicho moja tu. "Maji ya bomba na maziwa ya ng'ombe kwa mtoto wa miezi minne! Wewe ulikuwa unamwua kwa kijiko. Nje!" Selpha akatoka. Kisha muuguzi akachukua rula ndogo akampima Beldina.

"Milimita kumi na sita," alisema, na sauti yake ikashuka. "Ulihitaji kikombe cha kumi na nane, kumi na tisa hivi. Umekuwa ukivutwa nyama badala ya maziwa. Nisamehe, mama, kwa nilivyokusema pale nje. Hujakauka. Kwanza tuponye vidonda, na siku hizi chache nitakufundisha kukamua kwa mkono."

Alimfundisha pale pale, vidole viwili, kubonyeza na kuachia. Baada ya dakika chache, maziwa meupe yalitiririka kwenye kikombe safi. Beldina aliyatazama, akaanza kulia. Muuguzi akaandika kwenye karatasi jinsi ya kuyahifadhi. Lorine, kwa mazoea, akanyoosha mkono kuipokea.

"Naomba unisomee wewe, sista," Beldina alisema.

Vidonda vilipona. Bi Zeituni aliwapa vikombe vidogo, na wiki iliyofuata chupa ilirudi kutoka Mamboleo ikiwa imejaa. Bwana Ondiek alikosa utani. Selpha alirudi kwao, na binti wa jirani akaanza kumtunza Ooko mchana. Mwezi ulipokwisha, mizani ya Sista Jacinta ilionyesha mtoto amerudisha uzito wake wote na kuongeza juu.

Jumapili moja ikaja barua kutoka ofisi ya kituo cha petroli, imeandikwa Kiingereza. Beldina aliifungua mezani. Lorine alikaa mkabala naye, akisubiri, lakini mama yake aliikunja tena, akavaa ndala. Alikuwa akienda kwa Mzee Obonyo, jirani aliyestaafu ualimu. Mwezi mzima alikuwa akimpelekea yeye kila kitu, hata ujumbe wa simu.

"Mama," Lorine alisema, machozi yakimlengalenga. "Si nikusomee? Sitarudia tena."

Beldina akaketi.

"Lorine, vidonda vimepona na sijakuchukia. Lakini nisikilize. Mimi sijui kusoma Kiingereza, kwa hiyo ukinisomea uongo, sina pa kuukamatia. Nauamini, halafu najilaumu mwenyewe. Ulisema kinamfaa kila mama, na mimi nikauliza Mungu kwa nini aliniumba hivi, wakati mtoto analia njaa na wewe umesimama mlangoni unaniangalia. Kuona aibu si kosa. Ungeniambia tu, 'Mama, naona haya, tutoke nje.' Ningetoka na wewe. Ningekuficha chini ya leso yangu. Kosa ni kwamba ulimlipisha mtu mwingine aibu yako, kila siku, na ukweli ulikuwa nao mdomoni."

"Utaniamini lini tena?"

"Sijui, nyathina. Wewe endelea kusema kweli, hata ile ndogo, hata ikikuaibisha. Siku moja nitajikuta nimekupa barua bila kufikiria. Siwezi kuilazimisha ifike."

Akambusu Ooko kichwani, akamkabidhi Lorine amshike. Kisha akachukua barua, akavuka ua kwenda kubisha kwa Mzee Obonyo.